Winga wa Kaptula Safi

Featherstone, 9 Februari 1953

Mdogo wangu Clifford,

Salamu. Mimi mzima, mguu wa mama bado unamsumbua, na baridi ya mwaka huu haina adabu. Wewe najua u mzima, maana Jumamosi mlipokuja kucheza raga huku kwetu hukuguswa na mtu.

Nilisimama pale konani. Mpira umeupata, mstari wa trai unauona, kilichobaki ni kuuvuka na kuuweka mpira chini, mbele yako beki mmoja tu. Nawe ukatoka nje ya uwanja! Hukusukumwa, Clifford. Ulijitoa mwenyewe, kisha ukajilaza ukishika goti. Na magazeti yanakuita mshale. Mshale gani unaokwepa shabaha? Kwenye foleni ya chipsi wakaniambia, "Doris, kaptula ya mdogo wako msiifue, irudisheni tu kabatini." Marehemu baba alicheza na pua iliyovunjika, Jumatatu akashuka mgodini. Wewe unalinda nywele.

Dada yako,
Doris

Rochdale, 15 Februari

Dada Doris,

Shikamoo. Sijambo, mama mpe pole. Nyie mnaotazama na pai mkononi mnajua sana kucheza! Nyasi zilikuwa na maji, niliteleza. Halafu kazi ya winga ni kukimbia, si kuvunjwa mifupa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Unataka mama alie?

Mdogo wako,
Clifford

Featherstone, 18 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Eti uliteleza! Utelezi gani huo unaokuchagua wewe peke yako, tena kila beki anapokaribia? Mimi na sketi yangu ningeifunga ile. Na hicho kicheko ndicho ninachonywea chai kiwandani kila siku. Umenichosha.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Doris

Rochdale, 3 Machi

Dada,

Salamu zangu leo ni chache. Jumamosi tuna mechi ya kombe hapa nyumbani. Njoo. Ukiniona nimetoka nje mwenyewe, usiniite mdogo wako tena.

Clifford

Rochdale, hospitalini, 19 Machi

Dada Doris,

Shikamoo. Mama hajambo? Naandika kwa sababu kusema siwezi. Taya limefungwa waya, chakula changu ni supu kwa mrija. Lakini si uliona? Walinijia watatu, dada, na sikutoka! Mpira niliuweka chini kwanza, ndipo nikazimia. Daktari anasema jicho la kushoto limekwisha, kucheza basi. Sijutii. Ila mbona kimya? Niambie neno moja tu.

Mdogo wako,
Clifford

Featherstone, 24 Machi

Mdogo wangu Clifford,

Pole, pole sana. Mama hali, hanywi, analia tu.

Sikuja. Koti nilishavaa, nauli ninayo, nikajiambia: nipande treni nikamtazame akitoka nje tena, ya nini? Nikalivua, nikasugua sakafu. Habari niliipata kesho yake kwa Bi Ogden wa jirani.

Sasa watu wananisimamisha njiani waniulize ilikuwaje. Nami nawaambia niliona yote, hata mfupa nilisikia ukivunjika. Wananiamini, Clifford. Wananipa mkono.

Ukipata nguvu nisimulie, tangu ulipoupokea mpira.

Dada yako,
Doris