Kisanduku cha Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Kifungo changu,

Marahaba. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, cherehani ndiyo inayolalamika. Fumbo la maneno la gazeti la leo limenitoa jasho. Saba kwenda chini nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Picha hiyo. Kisanduku cha mwisho nimekuachia kama kawaida, ukijaze unirudishie, nijue umeamka. Na usiombe msaada, mvivu wewe.

Mama

Jumatatu, 4 Machi

Shikamoo mama,

Kikohozi kimeisha. Ni T. Nimeijaza hapahapa chumba cha kufulia, msimamizi akanikata jicho. Hoteli imejaa, mashuka hayaishi. Kesho niachie kigumu, vya bwerere sivitaki.

Kifungo

Alhamisi, 7 Machi

Shikamoo mama,

U mzima? Juzi kimya, jana kimya. Napiga simu, inaita tu. Umeninunia kwa utani wangu? Basi nisamehe. Nitumie hata fumbo tupu. Moyo hautulii.

Kifungo

Ijumaa, 8 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya. Simu ilikuwa na matatizo. Fumbo la leo hili hapa, nimelimaliza lote. Fanya kazi kwa bidii.

Mama

Ijumaa, 8 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeitazama hiyo picha mara kumi. Visanduku vyote vimejaa. Tangu baba afariki hujawahi kukijaza cha mwisho, hata ulipolazwa na malaria. Na lini umeanza kuniita binti yangu? Nimepiga, simu ikakatwa. Pokea, mama, nisikie hata ukikohoa. Naogopa.

Kifungo

Jumamosi, 9 Machi

Binti yangu,

Usiwe na wasiwasi. Sauti imenikauka, ndiyo maana sipokei. Fumbo la leo pia nimelimaliza.

Mama

Jumamosi, 9 Machi

Wewe si mama yangu. Uliyeshika hiyo simu, sijui kama ni mwizi au nani, na simu sitakudai. Niambie mama yuko wapi. Yu hai? Nijibu hilo tu. Nimekaa sakafuni katikati ya mashuka.

Mwanawe

Jumapili, 10 Machi

Dada,

Yu hai. Hilo kwanza. Mimi ni kinyozi wa hapa chini. Jumanne nilisikia kishindo juu, nikapanda mbio, nikamkuta sakafuni kando ya cherehani. Kiharusi. Hospitali walimruhusu Alhamisi, mke wangu analala naye. Mkono wa kulia umelala na maneno hayatoki.

Kila asubuhi ananyooshea kidole gazeti, kisha simu. Nikaona hataki ushtuke, nikaandika kama yeye. Nikimwonyesha fumbo limejaa anatikisa kichwa na kulia. Nikadhani nimekosea majibu, nikafuta, nikajaza upya. Habari ya kisanduku uliiandika Ijumaa, nami sikuielewa mpaka leo. Nisamehe, nami niliogopa kukuambia.

Jirani yenu

Jumapili, 10 Machi

Kaka,

Nina hasira nawe na ninakushukuru, vyote kwa pamoja. Asante kwa kupanda mbio. Nimeomba ruhusa, msimamizi kanuna, anune. Nitapanda basi la alfajiri. Msomee mama haya, karibu na sikio: Mama, shikamoo. Kifungo anakuja. Usiniache kabla sijafika. Kesho nitumie fumbo kama kawaida, nijue umeamka.

Kifungo

Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Pole na safari. Nilimsomea, akalia, kisha akanyooshea kidole kalamu. Ameishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mke wangu akimshikia gazeti. Asubuhi yote imeishia hapo. Tazama picha: amejaza kimoja tu, kile cha mwisho. Herufi imepinda lakini inasomeka. Nilitaka kumsaidia vilivyobaki, akanichapa kofi mkononi.

Nadhani visanduku vingine amekuachia wewe. Amegeuka akalala akitazama mlango, na gazeti hataki tuliondoe kitandani. Usichelewe.

Jirani yenu