Kamba za Mama Mkwe

Joviana, usicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto!

Jumapili niliteleza na mkungu wa ndizi, nikaangukia kiganja. Mkungu haukuumia.

Mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto, akanifunga kifundo cha mkono kwa kamba za mgomba. "Atakayefungua amenitukana." Eti amenitukana! Tangu hapo amekaa mlangoni anasuka mkeka.

Leo vidole ni baridi, rangi ya wino. Nimevichoma sindano, sikusikia kitu. Joviana, sikusikia kitu!

Nikamwambia. Akajibu, "Ndiyo dawa inaingia, mwanangu."

Basi nimezikata zile kamba kwa kisu cha ndizi. Hajajua bado.

Njoo na baiskeli, unipeleke hospitali. Mpigie magoti hapo mlangoni, umsalimie salamu ndefu kuliko zote. Mimi nitatokea nyuma, migombani.