Majiko Uliyowajengea

Mjukuu wangu Imani,

Hapa ugenini Sharpstown hatujambo. Mama yako yuko kazini, nami niko kwenye kigoda changu nachambua mchele.

Unaniuliza kutoka huko India kwa nini akina mama wa kijijini hawayatumii majiko sanifu uliyowajengea. Jamani! Nilipokuwa msichana, bwana mtaalamu alitujengea majiko marefu kijijini kwetu, ya kupikia umesimama. Sisi ugali tunausonga tumekaa! Kuku wakatagia humo. Mwisho tukayabomoa, tukajijengea mafupi kwa udongo uleule. Bwana akarudi, akayapiga picha, akajisifu kana kwamba ni kazi yake.

Sasa na wewe! Usijenge jingine. Kaa na hao akina mama, uwapikie chai kwenye jiko lako, kisha uniandikie kama bado una swali.

Bibi yako anayekupenda, hata akifoka.