Ndoo ya Maji Kabla ya Banda

Marahaba, mjukuu wangu Nassra. Hapa Mkokotoni wazima. Babu yako keshapona kikohozi, karudi kugombana na redio. Unauliza huko Mbeya ujengeje banda la kuku kwenye mteremko. Sisi zamani tulichimba tukasawazisha, maji ya masika yakaingia ndani, vifaranga tukawaokoa kwa beseni. Shangazi yangu Bi Mwanaidi hakutucheka. Alimwaga ndoo ya maji juu kule, akayafuata polepole, akichomeka vijiti yalikopita. "Hii njia ya maji. Kuku wakae kando."

Tukajenga kando, juu ya nguzo. Bi Mwanaidi keshatangulia mbele ya haki, banda tushalijenga upya mara tatu, na kila masika maji hupita pale pale alipokanyaga.

Bibi yako