Mpaka Ndani ya Mikebe

Nyalukemba, 27/8/2023

Maman,

Habari ya huko Kabare? Mgongo umepoa? Sisi wazima, na mjukuu wako Fanny ameng'oka jino.

Nimekununia kidogo. Tangu misa ya kumbukumbu ya marehemu papa, mume wako, uliahidi kuja kuona jiko langu, na hujaja. Limekuwa zuri mpaka majirani wanajifanya wameishiwa chumvi ili waingie. Ukuta nimeupaka rangi nyeupe. Seleri inaning'inia kwenye chupa zilizokatwa, sitroneli iko karibu na mlango; ukikata jani moja tu, chai inanukia nyumba nzima. Na dirishani, ndani ya mikebe ya maziwa, nimepanda yale majani marefu yanayong'aa niliyong'oa pembeni ya shamba lako siku ile ya misa. Niliuchukua mstari wote, kila kimti na mizizi yake. Huko yalikuwa yanaliwa na mbuzi tu.

Njoo uone.

Binti yako, Delphine

---

Kabare, 3/9/2023

Delphine,

Salamu kwa Fanny. Mgongo unauma, usiniulize tena. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaanza kulia kabla sijamaliza kugomba, na safari hii nataka nimalize.

Yale si mapambo! Ni mpaka! Baba yako aliyapanda mwenyewe, baba ya jirani yetu Zagabe amesimama pale anaangalia. Jana nimemkuta Zagabe analima hadi kwenye migomba yangu. Nimemuuliza, akanijibu: "Mupaka gani, maman? Iko wapi? Unionyeshe." Sikuwa na cha kumwonyesha. Maharage yangu yote hupandwa kwenye kipande kile. Nitakula nini, seleri yako? Mpaka wangu uko mjini Nyalukemba, unapigwa na mvuke wa sufuria yako ya foufou! Kaka yako Parfait nimempigia huko Shabunda, anasema hawezi kuacha shimo lake la dhahabu.

Una kichwa gani wewe?

Maman yako

---

Nyalukemba, 5/9/2023

Maman,

Natumaini umelala vizuri, maana mimi sikulala. Barua nimeisoma mbele ya Maman Olive aliyeileta, nikaona haya. Halafu haya zikaisha, hasira zikabaki.

Nani aliniambia ni mpaka? Kila msimu wa kulima papa aliwazungusha Parfait na wenzake, akiwaonyesha mti kwa mti. Mimi nilitumwa maji. Siku niliyowafuata, wewe ndiye uliyeniita: "Rudi hapa! Wewe utaolewa, shamba ya nini?" Nikarudi kumenya ndizi. Leo unanigombeza kwa kutojua nilichokatazwa kujua? Kwangu yalikuwa majani mazuri, basi. Na Parfait anayejua kila kitu yuko wapi?

Kwa kung'oa, nisamehe. Kwa kutojua, sikuombi msamaha hata kidogo.

Delphine

---

Kabare, 7/9/2023

Delphine,

Jumamosi chef wa kijiji anakuja kuamua. Parfait haji. Mimi mstari naukumbuka, lakini Zagabe anasema mjane lazima avutie kwake. Wewe uliyechimba unajua ulipochimba. Leta mikebe yote. Usiimwagilie sana, mizizi isioze.

Bado nimekasirika.

Maman yako

---

Nyalukemba, 24/9/2023

Maman,

Habari ya maharage? Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu nilitaka kuivunja.

Jumamosi ile uliona mwenyewe. Zagabe alicheka: "Huyu wa mujini anajua nini ya shamba?" Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Jembe lake lilipita juu juu. Chini, vile vipande vya mizizi vyenye rangi ya machungwa vilikuwa vimebaki, kila mahali niliponyooshea kidole. Chef akasema mstari ni huo. Nikairudisha miti yako yote.

Ndipo chef, akitafuta shahidi wa siku zijazo, akauliza, "Nani anajua mupaka ya hii shamba?" Nawe ukajibu, "Vijana yangu. Parfait na wenzake." Parfait! Mimi niko kando yako, udongo hadi viwiko!

Mikebe iko dirishani mitupu. Fanny anauliza kwa nini. Sipandi kitu humo mpaka uniambie mimi nilikuwa nani pale shambani.

Delphine

---

Kabare, 22/10/2023

Delphine mwanangu,

Maharage yameota, na miti imeshika. Mgongo unauma kuliko zamani, kwa sababu nimepanda mlima hadi kwa chef. Nilingoja Zagabe awepo, ndipo nikasema: "Chef, lile neno ya siku ile nimelirudisha. Mwenye kujua mupaka ni Delphine. Nikikufa, muulize yeye." Chef akauliza Parfait atasema nini. Nikamwambia atoke Shabunda aje aseme.

Maman Olive anakuletea kichipukizi. Nimekikata juu, sikung'oa. Kitie kwenye maji, kitatoa mizizi. Noeli mje na Fanny, nitamzungusha mimi mwenyewe, mti kwa mti.

Na ukigusa tena mizizi yangu nitakuchapa, hata kama una mume.

Maman yako