Maoni Niliyoyaacha Chini ya Picha

Jumamosi, Igurwa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Moyo wangu mzito. Naandika haraka, nisije nikajionea huruma nikaupunguza ukweli.

Wiki tatu zilizopita migomba yangu ilianza kunyauka. Majani yakawa ya njano, na nilipokata shina likatoa usaha. Mwaka jana nilinunua machipukizi kwa Mama Jovitha, mama mtu mzima wa Nkwenda anayeuza miche kwa WhatsApp: unachagua kwenye picha, anakutumia kwa bodaboda. Sikumpigia hata simu kumuuliza. Nilichukua picha yake ya tangazo, nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa kilimo na kuandika: "Huyu anauza ugonjwa. Msinunue."

Watu wakaisambaza. Maoni yakajaa. Wachache walizungumzia miche. Wengi walihamia kwenye asili yake, kwa kuwa wazazi wake walitoka Rwanda. Mmoja aliandika, "Rudi kwenu na magonjwa yako."

Niliyasoma yote, sikufuta hata moja. Nilikuwa na hasira, na nilifurahi kuona nina watu upande wangu.

Hilo la "rudi kwenu" nililiwekea alama ya moyo.

Jumatano bwana shamba alikuja. Alizunguka shamba zima, kisha akaniuliza kama huwa nalipitisha panga kwenye moto kuua vijidudu kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Sijawahi kufanya hivyo. Akanionyesha ugonjwa ulikoanzia: kwenye migomba ya zamani ya baba mkwe, kule mpakani mwa shamba. Machipukizi ya Nkwenda ndiyo yaliyougua mwisho. Niliyaambukiza mimi, kwa mkono wangu.

Nilikwenda kwa msaidizi wa sheria wa kata yetu, dada niliyesoma naye, nikitegemea ataniambia nifute tu yaishe. Alisema kusambaza uongo mtandaoni ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo nimemharibia mtu jina na biashara. Anaweza kwenda polisi, na anaweza kunishtaki mahakamani.

"Lakini yale ya asili yake sikuandika mimi," nikamwambia.

"Ukurasa ni wako. Uliyaona ukayaacha. Na hayo utaulizwa."

Nakiri: kwanza niliogopa polisi. Aibu ilikuja baadaye, njiani nikirudi.

Leo nimeenda Nkwenda. Nilimkuta Mama Jovitha kibandani kwake sokoni, anajaza udongo kwenye viriba vya miche ya kahawa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, unalowa."

Nilipojitambulisha aliweka kiriba chini. Akaingia ndani, akarudi na bahasha. Binti yake alikuwa amechapisha kwenye karatasi tangazo langu na maoni yote.

"Wananiambia niipeleke polisi. Bado sijaamua," alisema. "Hebu nisomee. Macho yangu hayaoni herufi ndogo."

Nikasoma. Nilisoma na ile ya "rudi kwenu". Akangoja mpaka nikamaliza.

"Na huo moyo ni wa nani?"

"Wangu, mama."

Alinyoosha kidole nje. "Nimezaliwa nyuma ya soko hili. Mama yangu amezikwa hapa. Wanirudishe wapi?"

Nililia. Hakunikataza.

Nikamwambia nafuta sasa hivi. Akasema hapana, nikifuta tu watu watabaki na walichokisoma. "Andika palepale waliposomea, kwa jina lako. Ukishamaliza, ndipo ufute matusi."

Basi nikaandika, nimekaa kwenye stuli yake: kwamba ugonjwa ulikuwa shambani kwangu, kwamba panga langu ndilo lililoueneza, kwamba matusi niliyaona na nikayaacha. Nilipomsomea, alitaka nitoe neno moja. Nilikuwa nimeandika "mama huyu maskini."

"Mimi si maskini," akasema. "Andika mkulima."

Nikabadilisha, nikayaweka maneno hayo palepale chini ya picha, kisha nikafuta matusi.

Bahasha alibaki nayo. Hakuahidi kitu, nami sikuomba. Alipakua matoke na maharage, tukala, kisha akaniitia bodaboda.

Nimeangalia ukurasa sasa hivi. Waliosoma masahihisho ni wachache kuliko waliosambaza uongo. Kesho nikitoka kanisani nitaanza kuyapeleka kwenye makundi ya WhatsApp, kundi kwa kundi, hata kule watakakonicheka.

Nilipokuwa naandika haya simu iliita. Ni yeye.

"Umefika salama? Ile barabara inateleza."

"Nimefika, mama."

"Haya. Pumzika."

Sikuthubutu kumuuliza kuhusu bahasha. Nimekaa tu na simu mkononi. Ningekuwa yeye, mimi ningepiga?