Haikuwa Damu ya Vitamini

Aqaba, Jumanne

Kaka yangu mpenzi Mutasim,

Pokea salamu nyingi za dada yako, bibi harusi wa siku kumi na moja! Hujambo? Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Ajlun? Mama yu mzima? Sisi wazima kabisa. Qutaiba hunikaangia mayai kila asubuhi kwenye jiko dogo la chumba chetu, huyaunguza, kisha huniuliza kama nimewahi kula matamu hivyo, nami huapa kwamba sijawahi. Kaka, nina furaha mpaka naogopa!

Hapa hotelini kuna mzeituni mmoja, nao umenirudisha nyumbani. Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, ulivyopanda hadi tawi la juu ukanitupia zeituni kichwani, ukiniita kuku wa chini? Mwaka uliofuata ukaanza kuanguka ngazini, baba akasema ni uvivu. Baadaye tukakuwekea kiti chini ya mti, ukawa msimamizi, ukitutukana sote kama mwenye shamba.

Na siku ya harusi! Ulisema abaya ya bibi harusi huvishwa na kaka yake, na kaka yake yupo. Nikapiga magoti mbele ya kiti chako cha magurudumu, ukanivisha. Nililia wanja ukafika kidevuni, ukaninong'oneza kwamba nafanana na mchoma makaa.

Shangazi Nuzha, sasa mama mkwe wangu, alikuwa akiwapungia majirani karatasi ya vipimo vya ndoa, akisema damu yetu ni safi, na wanaokataza binamu kuoana wafunge midomo. Maskini, hajui kwamba kipimo kile hutafuta ugonjwa mmoja tu wa damu. Huu wako wa misuli haumo.

Mimi na Qutaiba tulijua. Sasa nakiri, kaka, maana ana kwa ana nimeshindwa. Ile damu niliyokuomba kabla ya Ramadhani haikuwa ya kupima vitamini. Daktari wa Amman alitaka kwanza aione kasoro iliyo kwako, ndipo aitafute kwetu. Tulikubaliana kwamba tukikutwa nayo wote wawili, tutavunja uchumba. Wiki saba nilidarizi foronya bila kujua kama nitazilalia.

Majibu yakaja: mimi ninayo, yeye hana. Watoto wetu wanaweza kuibeba kama mimi, lakini hawataugua. Nilipiga vigelegele mle mle kliniki! Kwenye gari ndipo aibu ikanishika. Nilikuwa nimeshangilia kwamba sitazaa mtoto kama wewe, tena kwa damu niliyokuibia.

Nakuapia, nilikataa ugonjwa tu. Ulimi wako, kiburi chako, hata matusi yako, natamani wanangu wayarithi yote.

Miaka yote tumeuita udhaifu. Sasa una jina, liko kwenye karatasi ya majibu yako, nami nimelificha tangu majira ya kuchipua. Tunarudi Ijumaa. Nitapita kwako kabla ya kwa shangazi, niiweke karatasi hiyo mkononi mwako. Ukikataa kunifungulia, nitakaa mlangoni.

Mbusu mama mikono. Qutaiba anakusalimu sana.

Dada yako akupendaye,
Wijdan